Niliwaandikia nyumbani kuwa watatu wameokoka

Mama Mchungaji, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, mwenyeji wa Tukuyu, Moravian tangu tumboni mwa mama. Mwishoni mwa Aprili nilikuja Ujerumani, jimbo la Saxony, kwenye mji mdogo usio mbali na Herrnhut, mji walikotoka wamisionari wetu, kwa utume wa kujitolea wa mwaka mmoja. Siku ya kuniaga, mama mmoja anayeuza ndizi stendi alinipa koti la mwanawe. Wazee wa kanisa waliniwekea mikono na kwaya ikaimba mpaka gari likapotea kwenye kona. Mchungaji wetu alisema, "Wao walituletea Injili mwaka 1891, leo sisi tunawarudishia." Kanisa zima lilipiga vigelegele, nami nililia.

Huku sikupewa mimbari, nilipewa aproni. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nawaamsha, nawavalisha zile soksi ndefu za kubana miguu isivimbe, nawalisha, nawafuta midomo. Jioni ya kwanza wenyeji wangu waliweka mezani vibao vya mbao, mkate mweusi, jibini, soseji baridi na matango ya siki. Nilikula kipande kimoja nikijizuia, nikisubiri chakula kije. Wakaanza kutoa vyombo. Kumbe ndicho kilikuwa chakula, na kila jioni ni hivyohivyo. Jumapili moja mchana nilikuwa nafua huku naimba, jirani akaja kunionyesha saa yake ya mkononi. Hakuna anayepita tu kunijulia hali. Kwenye basi kila mtu na dirisha lake. Ibadani, mzee mmoja hunichukua kwa gari lake mpaka Herrnhut. Ukumbi wote mweupe, mabenchi meupe, na vichwa vingi humo ni vyeupe pia.

Nyumbani wao walikuwa wananisubiri. Kila mwezi mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti aliniandikia: "Binti, tupe habari za mavuno." Kwenye kundi la kwaya waliniuliza, "Umemletea Yesu wangapi?" Niliandika habari za soksi na uji, wakanijibu kwa alama ya dole gumba tu. Mwezi wa tisa nikaandika kuwa watatu wameokoka.

Hao watatu, Mama, ni bibi watatu wa pale kazini ambao huwaimbia kwa Kiswahili wakati wa kuwalaza. Mmoja hutabasamu, mwingine huufuatisha wimbo kwa mdomo. Wa tatu, mwenye ugonjwa wa kusahau, siku moja alinishika mkono mpaka akalala. Nilimpiga picha akiwa usingizini kwenye kiti chake cha magurudumu, mdomo wazi, mkono wake ndani ya wangu. Nikaituma nyumbani, nikaiweka na kwenye status: "Bibi huyu amempokea Yesu. Ni wa tatu. Utukufu kwa Mungu." Taarifa ilisomwa ibadani. Watu wakatoa sadaka ya ziada, shilingi 280,000, eti nitumiwe kuendeleza kazi.

Wiki iliyopita niliitwa ofisini. Msichana mmoja wa Kijerumani aliyewahi kujitolea Mbeya, na Kiswahili anakijua, aliiona ile status. Mkuu wa makao alikuwapo, na binti wa yule bibi, mama mtu mzima. Sikufukuzwa, niliambiwa niifute picha na nisirudie. Lakini yule mama aliniangalia akasema polepole, ili nielewe: "Mama yangu alibatizwa mwaka 1941. Kwa ajili ya kanisa alinyimwa shule. Nani alikwambia hakuwa na Yesu?"

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alifungua mlango nusu, hakunikaribisha ndani. Alisema, "Leo hapana. Njoo Alhamisi ya tarehe 11, saa tisa alasiri," akafunga. Nilirudi nikilia njia nzima. Kwetu hata adui hukaribishwa kiti.

Imebaki miezi mitano. Natamani kurudi nyumbani kabla ya Krismasi, nikisingizia ugonjwa. Nyumbani hawajui lolote. Nifanye nini, Mama?

Binti wa Tukuyu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma nimesimama dirishani kwa kuwa nilishindwa kukaa. Nimeitanguliza mbele ya barua nyingine kwa sababu ya hiyo tarehe 11. Mimi na marehemu mzee wangu tuliishi Ujerumani miaka mitatu, yeye akihudumu na mimi nikilea watoto na kujifunza kuishi. Kwa hiyo nianze na ule mlango, maana hapo ndipo umeumia zaidi na ndipo ulipoelewa vibaya.

Saa tisa alasiri kwa Wajerumani ni saa ya kahawa na keki. Mtu anayetaka kukugombeza hakuiti saa hiyo. Hukumalizia palepale mlangoni au hukuandikia barua. Yule mama amekutengea muda. Atapangusa meza, atatoa vikombe vile vya wageni, huenda ataoka kitu. Sisi tunamkaribisha mgeni kwanza, halafu ndipo tunaanza kuhangaika jikoni nini kipikwe, na mgeni anasubiri bila neno. Wao hujiandaa kwanza, ndipo wakamfungulia. Ilinichukua mwaka mzima kuliona hilo. Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu kila mlango uliofungwa kama tusi, na nilimchosha mume wangu kwa malalamiko.

Kwa hiyo utakwenda. Utafika saa tisa kamili, si kasorobo, si na robo. Utamwita Frau, yaani Bi., na jina la ukoo, hata kama kazini mnaitana kwa majina ya kwanza. Ukiona viatu vimepangwa mlangoni, vua vyako. Chukua maua machache, uyatoe kwenye karatasi yake kabla ya kumpa. Na ukishakaa, sema kosa lako lote mara moja, kwa sentensi fupi: nilimpiga picha mama yako akiwa amelala bila kukuomba ruhusa, na niliandika juu yake jambo ambalo si kweli. Usianze na shinikizo la nyumbani. Usiseme "ila." Akitaka kujua kwa nini, atauliza, na hapo umweleze.

Sasa kuhusu huyo bibi.

Kama alibatizwa mwaka 1941 akiwa mtoto mchanga, basi alitimiza miaka 14 mwaka 1955, na alikulia upande wa mashariki wa Ujerumani, ile nchi iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti tangu 1949 mpaka 1990. Hapo katikati ya miaka ya 1950 serikali ilianzisha sherehe yake ya vijana wa umri huohuo, mahali pa kipaimara, wanaapa kuitumikia dola. Hakuna aliyefungwa kamba kupelekwa. Lakini kijana aliyebaki na kipaimara akaikataa ile sherehe aliweza kukuta mlango wa sekondari ya juu umefungwa, na chuo kikuu ndiyo usahau. Watoto wa wachungaji waliolijua hili ni wengi, nami nimekaa nao mezani. Mmoja alitaka kuwa daktari, akaishia kufundishwa kutunza bustani, na alinionyesha viganja vyake aliponisimulia.

Wengi walichoka, na siwahukumu. Ndiyo maana leo upande huo wa nchi watu wengi hawana kanisa lolote, na watoto wao hawakuambiwa chochote cha kukataa wala kukubali. Na ndiyo maana vile vichwa vyeupe unavyoviona Jumapili si kanisa lililosinzia. Ni watu waliobaki wakati kubaki kulikuwa na bei. Oktoba 9, 1989, pale Leipzig, maelfu kwa maelfu walitoka kwenye maombi ya Jumatatu na mitaani wakaandamana na mishumaa mikononi, huku askari wakiwa tayari kwa amri. Risasi haikupigwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ulifunguka. Wazee wengine unaowavalisha soksi asubuhi huenda walikuwa katika umati kama ule, au walikuwa nyumbani wakiomba na taa imezimwa. Hata ule ukumbi mweupe unaoabudu, uliungua Mei 1945 vita ikiisha, ukajengwa upya na watu walewale chini ya serikali isiyowapenda.

Ndipo ufikirie uliandika nini juu ya bibi yule, mwanangu. Sikusemi ili uvunjike. Nataka ujue uzito wa kitu unachokwenda kukiombea radhi.

Picha nayo nina la kusema, na nitalisema kwa ukali kidogo. Wewe ni mtoto wa Tukuyu. Umeona wageni wakishuka kwenye gari, wanamwinamia mtoto mwenye kamasi, wanampiga picha, wanapanda gari. Hawakumuuliza mama yake. Picha inakwenda kusomwa kwenye kanisa la mbali, na chini yake kuna maneno ambayo yule mtoto hatayaona mpaka anakufa. Nimekasirikia jambo hilo maisha yangu yote. Juzi juzi tu nilimzuia mgeni mmoja kwenye zahanati. Na bibi aliyelala mdomo wazi hana tofauti na mtoto yule: hawezi kukukatalia. Sheria ya Ujerumani inasema picha ya mtu haichapishwi bila ridhaa yake, na kazini kwenu siri za wakazi ni sehemu ya mkataba. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wako. Alikuamini akalala.

Kwa hiyo usiishie kufuta kwenye simu yako. Waandikie wote uliowatumia waifute, kundi la kwaya na kamati, na uwaambie sababu.

Hapo tunafika kwenye barua ngumu kuliko Alhamisi. Mwandikie mwenyekiti wa kamati wewe mwenyewe, kabla ule ujumbe wa kwaya haujamfikia kwa midomo ya watu. Usimpigie, andika, ili aweze kuisoma mbele ya wazee. Iwe hivi, au karibu na hivi: "Mwezi wa tisa niliandika kuwa watu watatu wameokoka. Haikuwa kweli. Ni bibi watatu ninaowahudumia, na mmoja ni Mkristo aliyenyimwa shule ujanani kwa sababu ya imani yake. Niliandika hivyo kwa kuwa niliona aibu kuwaambia kazi yangu ni kuwavalisha wazee soksi. Naomba radhi kwenu na kwa Mungu. Sadaka mliyotoa msinitumie. Ilitolewa kwa habari isiyo ya kweli, na wazee waamue itumikeje." Halafu acha. Usipambe.

Watakasirika? Baadhi, ndiyo. Mama wa ndizi aliyekupa koti, sidhani. Nawajua kina mama wa aina yake, na najua wanachokithamini ni nini.

Na mwenyekiti wa kamati, akisoma safu hii, naomba anivumilie. Kumuuliza binti wa miaka 24 kila mwezi amevuna roho ngapi ni kumfundisha kudanganya. Lile neno la kurudisha Injili kama deni linapendeza kwenye ibada ya kuaga, nami nimeshalipigia vigelegele, lakini lilimpeleka mtoto kule akiamini anakwenda kwenye nyumba tupu. Wamoravian walio wengi duniani leo wako Tanzania, ni kweli, na tunamshukuru Mungu. Haimaanishi waliotutangulia wamekufa.

Tena waliotumwa kutoka hapo Herrnhut wangefeli vibaya mtihani wa kamati yako. Agosti 1732 waliondoka wawili kwa miguu kwenda Copenhagen kutafuta meli ya kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, waende kuishi na watumwa wa mashamba ya miwa: Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann fundi seremala. Seremala alipata kazi na kuwalisha wote wawili, akarudi baada ya miezi michache kama walivyokubaliana. Mfinyanzi udongo wa kule ulimgomea. Fikiria, mtu amevuka bahari na ufundi wake, na udongo haukubali. Alibaki kwa vibarua vya kumpatia mkate, jioni akikaa na watumwa kwenye vibanda vyao, na aliitwa kurudi mwaka 1734. Waliomfuata ndio walioona makanisa yakijaa. Na kwenu Rungwe, wale wamisionari wanne waliotumwa mwaka 1891, mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Theodor Meyer na wenzake walijenga, walilima, walijifunza Kinyakyusa, walitibu vidonda, na ilipita miaka kadhaa kabla ya mtu wa kwanza kubatizwa. Barua zao za mwaka wa kwanza zingekuwa na habari gani za mavuno?

Wewe waandikie nyumbani habari za soksi. Waambie kwamba soksi ile hupandishwa polepole ili ngozi ya mzee isichanike, kwamba mzee wa kiume huona haya kuvalishwa na binti na wewe hugeuza macho ukimsaidia. Waambie bibi anaufuatisha wimbo kwa mdomo ingawa lugha haijui. Kama hawatalijibu hilo kwa zaidi ya dole gumba, andika tena mwezi unaofuata.

Mambo mengine uliyoyataja ni madogo na yatapungua. Kula mkate wao wa jioni bila kusubiri wali, na mara moja kwa wiki omba jiko uwapikie ndizi, uwaambie siku na saa mapema. Jumapili mchana ni muda wa utulivu, imba ukiwa kwenye matembezi msituni, hakuna atakayekuzuia. Kwenye basi usidai salamu ndefu. Ile ya neno moja asubuhi ukiirudia kila siku kwa mtu yuleyule, baada ya miezi mitatu atakusogezea kiti. Watu wa nyumbani wanaokuomba hela, kama wapo, waambie posho yako ni ya mfukoni tu, useme ni kiasi gani.

Kurudi kwa kusingizia ugonjwa, hapana. Umeshaandika uongo mmoja kwenye simu, usiuongeze wa pili kwenye hospitali. Ukishamaliza Alhamisi na barua ya kamati, ukaona bado moyo unataka kurudi, niandikie, nitakusikiliza bila kukulazimisha. Lakini ningependa ukae mpaka Pasaka. Ulifika mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo Pasaka ya Herrnhut hujaiona. Alfajiri, giza bado, wapiga tarumbeta wanatangulia, na ushirika unapanda kilima cha Hutberg kwenye makaburi kungoja jua, kama sisi tunavyofanya huku. Panda hata kabla ya siku hiyo, theluji ikikuruhusu. Makaburi yote ni mawe ya kulala, ya aina moja, wanaume upande wao na wanawake wao, asiye na cheo na mwenye cheo sawasawa. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huo kwenye Urithi wa Dunia, na watalii wanakuja kuyaangalia. Wewe nenda ukasome majina na sehemu walizotumwa.

Na wiki hii wametundika zile nyota za Majilio, sivyo? Zenye ncha 25, karatasi na taa ndani. Yule bibi huenda alizikunja utotoni. Ukiwa naye zamu ya jioni, mpeleke dirishani aione inavyowaka. Usimpige picha.

Alhamisi ukishatoka kwa binti yake, niandikie siku hiyohiyo. Mimi saa hiyo nitakuwa nakuombea. Huku itakuwa saa kumi na moja.